Reli ya Upande Mmoja

Hadi leo nikipita mbele ya nyumba ile damu inanichemka. Ni nzuri, sikatai. Juu ya mlango kuna dirisha la nusu duara, madirisha ya ghorofa ya kwanza ni marefu kuliko mtu, na kila moja lina kibaraza cha chuma kisichotosha hata kiti. Mwenyekiti wa wakazi alipenda kueleza kwamba tajiri aliyeijenga alikuwa akiuza chuma Uingereza, akazitamani nyumba za mjini za huko, akarudi Stockholm kujijengea ya kwake. Fahari yake kubwa ni ngazi. Inazunguka chini ya paa la kioo, vidato vya mawe vimechomekwa ukutani upande mmoja, upande wa pili vinaning'inia hewani. Huko vinakoning'inia ndiko kuna reli ya kushikia. Ukutani hakuna kitu.

Mimi nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao. Nikitoka kwangu Husby, pembeni mwa jiji, asubuhi, wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemwacha mkono wa kushoto umekufa na mguu mzito. Siku aliyotoka hospitali alipanda ngazi ile mwenyewe, mkono wa kulia kwenye reli, mimi nyuma yake. Tukashangilia kama watoto. Kesho yake alitaka kushuka uani, kwenye benchi chini ya mti wa maua ya zambarau aliopanda na marehemu mumewe, ndipo tukagundua. Ukishuka, reli iko kushoto. Bibi aliweza kupanda, hakuweza kushuka. Na lifti hamna.

Akaandika barua kuomba reli ya pili, ukutani. Mwenyekiti alijibu kwa adabu zote: ukuta ule ulichorwa kwa mkono ufanane na marumaru, unalindwa kama urithi, hautobolewi. Nilitoka na barua mkononi nikaugonga ukuta. Chokaa! Chokaa iliyopakwa rangi! Mimi nimekulia Bukavu, milimani Kongo, jiwe nalijua. Basi rangi inayojifanya jiwe ilikuwa na haki kuliko mtu mzima mwenye roho yake.

Majira ya baridi yakaisha, yeye yuko dirishani.

"Mti wetu umechanua," aliniambia asubuhi moja. "Wiki mbili tu, halafu maua yanapukutika."

Hakulia. Niliyelia ni mimi, jioni ile, kwenye simu na mama yangu aliyeko Bukavu.

Mama aliniacha nimalize. "Sasa iko unalia nini?" akasema. "Ashuke kinyumanyuma. Si vile tulikuwa tunashuka na bidon ya mayi wakati wa mvula?"

Niliona aibu. Bomba la maji lilikuwa juu ya nyumba yetu, kwenye mteremko wa udongo, na mvua ikinyesha hakuna aliyeshuka na dumu lake akitazama bondeni. Tuligeuka tukautazama mlima, mguu ukipapasa nyuma. Na kwenye ngazi ile, ukigeuka, reli inakuja kulia.

Jumamosi tukashuka. Nilikuwa kidato kimoja chini yake, nimemshika kiuno. Mguu, pumzika, mguu mwingine. Tulipofika ghorofa ya kwanza nikasikia sauti ya mwenyekiti. Alikuwa chini na wageni, shingo zimeinuliwa, kamera mkononi.

"Samahani," akaniita, "mnaweza kusubiri huko juu kidogo? Wageni wanapenda kuipiga picha ngazi ikiwa tupu."

Nilichotaka kumjibu hakiandikiki. Bibi aliniwahi, bila kugeuka, kwa sauti yake ya darasani: "Wapige hivi hivi. Ngazi kazi yake ni hii."

Vidato vichache kabla ya mwisho mguu wake ukateleza. Uzito wote ukanijia, nikajizuia kwa kubandika kiganja ukutani, kiganja kile kile nilichompakia mafuta ya miguu asubuhi.

"Ukuta!" mwenyekiti akapiga kelele. "Tafadhali, ukuta!"

Mtu nusura aanguke, na yeye anaulilia ukuta. Nilimkaza kiuno kwa hasira hadi bibi akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia sijaumia, mguu, mguu mwingine, mpaka viatu vyake vikakanyaga sakafu.

Mwenyekiti alikuwa ametusogelea na kitambaa laini mkononi. Akanionyesha alama ya vidole vyangu vitano kwenye marumaru yake ya rangi, akaniomba niifute taratibu, nisisugue.

Nilikipokea kitambaa, nikamshukuru, nikamshika bibi mkono tukatoka uani. Benchi lilikuwa limelowa umande na maua yaliyoanguka. Nikalipangusa lote kwa kitambaa kile, mwanzo hadi mwisho, bibi akaketi.