Tumbo la Mwenyekiti na Mikunjo ya Mama Mkwe

Jamani, naomba mnicheke mara moja tu halafu tuyamalize, maana hii aibu nimekaa nayo peke yangu hapa Kibaha mpaka imeanza kunizoea. Mimi ndiye yule mtengeneza tovuti mliyesikia habari zake, yule aliyemwanika mama mkwe wake kule Kisarawe, mbele ya mgeni rasmi, kwa kipaza sauti.

Mama mkwe wangu, Bi Tatu, kwa miaka mitatu hakuwahi kuniita jina langu. Nikiwepo nilikuwa "mke wa Hamisi", na nikiwa sipo nilikuwa "yule wa milimani", kwa sababu wazazi wangu walitoka Upareni kuja kuishi Kibaha (na Kisarawe yenyewe iko juu ya vilima, ila nani atamwambia). Sasa kikundi chao cha unga wa muhogo kikataka tovuti ili wanunuzi wa mbali wawaone, na nani akasimama kwenye kikao kusema mkwe wake anaiweza hiyo kazi? Yeye. Hamisi aliponiambia nilikaa chini kwanza. Nilijua hapo hapo kwamba nikiiharibu hii nitabaki mke wa Hamisi mpaka nazikwa.

Siku ya kupiga picha za wanakikundi watu walikuja wamependeza utadhani kuna ndoa, na Bi Tatu akatangaza mbele ya wote, "Mimi unipige hivi hivi nilivyo. Nikijibadilisha sura, Mungu atanijuaje?" Wenzake wakaitikia, kweli kabisa, sisi tunauza kitu cha asili na sura zetu ziwe za asili. Nikapiga, nikashukuru, nikaanza kukunja nyaya zangu, na hapo ndipo wakaanza kunifuata pembeni mmoja mmoja. Mwenyekiti, Mzee Kibwana, aliniuliza kama hiyo mashine yangu inaweza kupunguza tumbo, si sana, kiasi cha kuonekana mtu wa kazi. Katibu, Bi Mwanahawa (aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote), akataka weupe kidogo. Mweka hazina akataka mume wake, aliyetokea nyuma kwenye picha, aondolewe, na nilipouliza kama kuna ugomvi nyumbani akasema hapana, wanaishi vizuri sana, ila hapendezi. Kila mmoja alinong'ona, na kila mmoja aliamini yuko peke yake.

Wa mwisho alikuwa Bi Tatu, jikoni kwake, anakuna nazi. Hakuniangalia. Alisema polepole, "Zaina mwanangu, hii mikunjo ya hapa, unaweza kuitoa? Lakini asijue mtu." Zaina. Mwanangu. Kwa pumzi moja. Wallahi angeniambia nimtoe na kichwa ningekitoa.

Nikarudi Kibaha, nikaandika orodha ili nisisahau nani anataka nini, nikahariri picha zote mpaka macho yakauma. Sasa, kwa wasiojua hii kazi, ukiweka picha kwenye tovuti kuna mahali unatakiwa uieleze kwa maneno, ili mtu asiyeona, simu yake ikimsomea ukurasa, ajue hapo kuna picha ya nini. Ukiacha wazi kompyuta inakulalamikia kwa maandishi mekundu. Mimi nilikuwa nimechoka, nikatazama ile orodha yangu, nikaona si maneno haya hapa, nikayanakili yakaingia yote, maandishi mekundu yakaondoka. Nikajisemea ni kwa muda tu, nitabadilisha kesho. (Siku mkinisikia nasema "kwa muda" tena, nizabeni kofi.)

Kesho ikapita, na kesho nyingine, ikafika siku ya uzinduzi. Ukumbi ulijaa, Bi Tatu amekaa mstari wa mbele na kitenge kipya, na picha zilipotokea ukutani watu walipiga vigelegele. Mzee Kibwana alikuwa mwembamba. Bi Mwanahawa aliwaka kama taa. Bi Tatu alijitazama pale juu, akamgeukia jirani yake akanionyesha kwa kidole, nami nikavimba kichwa. Laiti tungeishia hapo.

Mgeni rasmi, afisa kutoka wilayani, kwenye hotuba yake akauliza kama tovuti hii inamfikia kila mwananchi. Mzee Shomari akanyoosha mkono. Huyu ni mwanakikundi, haoni tangu utotoni, na ndiye anayekagua unga wao kwa vidole na pua, hakuna gunia linatoka bila yeye. Akasema, "Mheshimiwa, simu yangu inanisomea kila kitu. Ngoja nikuonyeshe." Mgeni rasmi akafurahi, akaagiza apelekewe kipaza sauti, kikawekwa karibu na simu. Hapo nikaikumbuka ile orodha.

Simu ya Mzee Shomari ina sauti ya mwanamke aliyetulia, hana haraka, hana huruma. Ikasema, "Picha. Mzee Kibwana. Punguza tumbo. Ongeza nywele mbele." Ukumbi mzima ukageuka kumwangalia Mzee Kibwana, tumbo lenyewe likiwa limekaa mapajani kwake. Mzee Shomari akatelezesha kidole. "Picha. Bi Mwanahawa. Weupe, weupe zaidi, amesema kidogo lakini anamaanisha sana."

Nikanyanyuka nikadai mtandao unasumbua, mshereheshaji akanijibu, "Hapana dada, unasikika vizuri kabisa." Ikaja ya mweka hazina, "Kata mume, hapendezi," na mume yupo, kashika soda. Nilikuwa najua mpangilio wa picha zangu, aliyefuata ni Bi Tatu, kwa hiyo nikafanya ambacho mtu mwenye akili hafanyi, nikauvuta waya wa kwanza niliouona. Projekta ikazima. Picha zikapotea ukutani na simu ikabaki inasoma peke yake, kwenye ukumbi uliotulia kuliko msikiti.

"Picha. Mama mkwe. Toa mikunjo yote. Rudisha miaka kumi na tano. Asijue mtu."

Nilibaki na waya mkononi. Mzee Shomari ndiye aliyeanza kusema, "Mimi miaka yote hii nawajua ninyi ni watu wazuri, kumbe mmejaa matatizo hivi?" Watu wakaangua kicheko, mgeni rasmi akajifuta machozi, hata yule mume wa mweka hazina alicheka. Bi Tatu hakucheka. Alivuta mtandio wake taratibu, na mgeni rasmi alipomuuliza ni nani aliyetengeneza tovuti hii, akasema, "Mke wa Hamisi."

Hilo ndilo lililoniuma. Maneno niliyafuta hapo hapo ukumbini, lakini kwa wiki tatu Hamisi alikwenda Kisarawe kusalimia peke yake, na mimi nikalia kimya kimya.

Kisha simu ikaita, ni Bi Tatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Wamekuja wanunuzi, kutoka huko Zegereni kwenye viwanda. Wanamtafuta yule dada wa kwenye picha. Nimewaambia ndiye mimi, wakaniuliza, wewe ni mama yake?"

Niling'ata ulimi nisicheke.

"Nirudishe," akasema.

"Miaka mingapi, mama?"

"Yote. Na hayo maneno uandike sasa hivi, nasikia."

Nikairudisha picha yake ya kwanza, yenye mikunjo yake yote, nikaandika huku namsomea, "Bi Tatu, mwanakikundi, mikono ina unga, anatabasamu kwa mbali." Nyuma yake nilisikia wenzake wanaongea, wamejaa tele. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, bila kunong'ona, "Sawa, Zaina mwanangu. Ijumaa uje na mumeo."

Basi nimekoma. Tangu siku hiyo siweki picha kabla sijaandika maneno yake ninayoweza kuyasoma mbele ya mwenye sura. Bi Mwanahawa naye amepiga, karudishiwa rangi yake. Mzee Kibwana peke yake hajapiga, tumbo lake bado ninalo mimi hapa kwenye kompyuta.