Mistari Mifupi ya Kioo cha Saba

Wiki nzima nasumbuliwa niandike habari hii, kana kwamba mkono wangu ni wa karani. Haya, naandika. Atakayeona herufi zimepinda, na apinde shingo.

Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Jicho. Shule aliiacha darasa la nne, lakini kule maabara, ghorofa ya chini, kwenye chumba cha mapazia meusi, hapakuwa na aliyemfikia mbele ya hadubini. Kazi yake ilikuwa kupima nguvu ya nyutroni, na nyutroni yenyewe haionekani. Daktari, mama mkuu wa maabara ile, alikuwa akilipiga bamba la elementi nyepesi, leo lithiamu, kesho boroni, kwa chembe ziendazo kasi, na nyutroni zikachomoka. Nyutroni hupita kwenye kioo chenye utando wa dawa ya picha kama mwizi asiyeacha unyayo. Lakini ikiigonga protoni iliyojilalia mle ndani ya utando, protoni hukurupuka ikakimbia, na mbio zake huacha mstari wa vitone vyeusi. Jicho aliupima mstari huo. Ukiwa mrefu, nyutroni ilikuja na nguvu nyingi; ukiwa mfupi, ilikuja na kidogo. Basi.

Miaka tisa aliifanya kazi hiyo peke yake. Vioo vilipomzidi akamleta wifi yake, dada wa mumewe, akamfundisha mwenyewe kudondosha tone la mafuta chini ya lenzi na kusogeza kioo ukanda kwa ukanda. Alijipalia makaa. Mwaka haujaisha, wifi anamaliza kioo Jicho yuko nusu. Daktari akawa anasema, "Hebu mwulizeni wifi." Nyumbani nako mume anatafuna huku akisifu: "Dada yangu kumbe ana macho." Jicho akimsikia, chakula kinageuka mchanga mdomoni.

Kisha ikaletwa hadubini mpya, moja tu. Daktari akasema wote wawili wapime kioo cha saba cha wiki ile, kila mtu na daftari lake bila kuchunguliana, na atakayeaminika zaidi ndiye atakayeikalia.

Walipomaliza, Daktari akachora hesabu zao kwenye karatasi ya miraba. Ya Jicho ilikuwa na kilima kimoja, cha mistari mirefu. Ya wifi ilikuwa na viwili: kile kile, na kingine kidogo cha mistari mifupi.

"Wifi, na vumbi nalo umelipima?" Jicho akauliza.

"Vumbi halina safari, wifi. Mistari hii yote inatoka upande wa bamba."

"Miaka tisa sijaiona."

"Labda nayo haijakuona."

Mwosha vioo, aliyekuwa akipita na ndoo yake, akacheka mpaka akaiweka chini. Jicho hakucheka.

"Kilima hiki kikiwa cha kweli," Daktari akasema, "basi kile kiini cha atomi kilichobaki kwenye bamba kimejiwekea akiba ya nguvu, na nyutroni imeondoka na pungufu. Kikiwa cha uongo, tutaaibika. Nikitoka kula nitaangalia mwenyewe."

Wote wakaenda kula. Jicho akabaki. Akakiweka kioo cha saba chini ya lenzi yake, daftari la wifi pembeni limefunguliwa, maana lilikuwa na namba za mahali pa kila mstari. Alitaka aibu ya wifi aione yeye kwanza.

Mstari wa kwanza, mfupi. Vumbi, akasema. Akazungusha kirungu cha hadubini taratibu, na mstari ukashuka naye ndani ya utando, kitone baada ya kitone. Vumbi hukaa juu. Akaenda wa pili, wa tano, wa ishirini. Yote ilishuka. Ndipo akaelewa: miaka yote hiyo jicho lake lilizoea mirefu, ile iliyompa sifa, na mifupi lilikuwa likiiruka kama mtu arukavyo dimbwi.

Utando ule ni laini. Ukucha mmoja ungetosha kuumaliza. Akafuta mafuta kwa kitambaa, kidole kikabaki juu ya kioo. Alimchukia wifi siku ile kuliko mtu anavyochukia jino bovu. Lakini kioo kilichopita mkononi mwa Jicho hakijawahi kutoka na mkwaruzo, na asingeanza leo kwa ajili ya wifi aliyemfanya achekwe. Akadondosha mafuta mapya, akaanza kuhesabu.

Daktari aliporudi, wifi yuko nyuma yake, Jicho hakuinua kichwa.

"Daktari, mifupi ipo. Niliiruka mimi." Kisha akaongeza, "Na huyu mwanafunzi wangu ameruka sita."

"Sita, wifi?"

"Sita. Njoo uone. Una haraka kama maziwa motoni."

Wifi akainama, akatazama muda mrefu. "Kweli," akasema.

Hadubini mpya akapewa wifi. Jicho akapewa kupima upya vioo vya miaka tisa, masanduku arobaini na moja, atafute mifupi. Aliibeba hadubini yake kuukuu mpaka pembeni, akakataa kusaidiwa. Mwezi mzima hakusema na wifi ila namba tu, na kila jioni alichungulia daftari la mwenzake aone nani amepata zaidi.

Nimemaliza. Na wewe uliyekaa ukasoma bure, kuna mtu unamwonea wivu, usinidanganye. Nenda mchana kweupe ukaichunguze kazi yake sawasawa, kisha niandikie umekuta nini. Andika kwa herufi kubwa, na usinicheleweshe.