Nilimeza Maji ya Baraka

Lori lilikuwa limeshapita Bugembe, tukielekea Mbale, ndipo koti langu likaanza kutoa moshi.

"Mzee Khaemba, unaungua!" dereva wetu, Enos, akapiga kelele.

Wakati wa kupanda nilikuwa nimezima sigara vibaya nikaisukuma mfukoni. Mzee mzima, mvi kichwani, najificha kama mwizi wa kuku.

Enos alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Si ulituambia umeacha?"

"Nimeacha. Hii ilikuwa ya kuaga tu."

Kuaga gani, na nilikuwa naaga hivyo tangu Krismasi!

Shida ilikuwa binti yangu Maximilla, aliyeolewa Namatala, huko Mbale. Mtoto wake, Cliff, alizaliwa kabla ya wakati, kifua dhaifu. Maximilla aliniambia kwenye simu, "Baba, njoo umbariki mjukuu wako. Lakini kama bado unavuta, baki huko huko Jinja."

Nikamwapia kwamba nimeacha.

Kabla ya kubisha hodi nilitafuna majani ya mpera mpaka ulimi ukafa ganzi. Akanifungulia Gorreti, mama mkwe wa binti yangu, mlokole mkali kweli kweli.

"Karibu, mkwe! Wewe sasa ni ushuhuda. Jumapili nilikutaja kanisani."

Nikaangalia viatu vyangu.

Sasa, kwetu babu hubariki kwa mdomo. Unajaza maji, unamnyunyizia mtoto kifuani, unasema maneno mema. Ukiyameza, umemkataa mtoto.

Wakanipa Cliff mapajani, kisha kikombe. Nikajaza mdomo. Maji yakawa na ladha ya tumbaku. Mtoto ananitazama, kifua kinapiga filimbi.

Nikashindwa.

Nikameza.

"Amemeza!" Maximilla akalia.

Mumewe, Mafabi, akasimama. "Mzee, mwanangu amekukosea nini?"

Hapo ama niitwe mchawi, ama niitwe mwongo.

"Mtoto hana kosa," nikasema. "Nimevuta leo, njiani. Sijaacha hata siku moja. Kwa mdomo huu siwezi kumtemea mtoto mgonjwa."

Maximilla hakunigombeza. Alimtoa tu mtoto mikononi mwangu, polepole, kama unavyomnyang'anya mlevi chupa. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nikachukua kofia niende zangu.

"Ngoja, mkwe."

Alikuwa Gorreti. Akaupindua mdomo wa chini, akatoa tonge la ugoro, akaliweka kwenye kitambaa mbele yetu sote.

"Asubuhi nimembariki kwa maombi, huu ukiwa mdomoni. Nilijiambia, si hauna moshi?"

"Mama!" Mafabi akakaa chini kama gunia.

Wewe unayejificha nyuma ya choo na sigara yako, mwambie mtu wa nyumbani kwamba hujaacha. Anzia hapo. Mimi nilianzia kwenye uongo.

Gorreti alitubu kanisani, wakamvua uongozi wa akina mama. Ugoro hajarudia. Mimi nilianguka mara moja, Buwenge, siku ya soko. Tangu hapo sijagusa; asubuhi natembea, hamu ikinijia natafuna karanga. Enos bado anavuta. Mafabi hunisalimia kwa adabu, basi.

Cliff alibarikiwa na mjomba wa Mafabi. Nilipokuja kuruhusiwa kumbeba, alikuwa ameshaanza kutembea.