Mguu wa Shemeji

Nianze na mapipa, maana ndiyo niliyoyajua. Nilifanya usafi hospitali hapa London mpaka magoti yakakataa, wodi baada ya wodi, na anayemwaga takataka anajua nani amekula na nani hajala. Kuna manesi wa cheo fulani, jina lake refu ulimi wangu hauliwezi, wale waliosoma zaidi: wanapima, wanaamua, wanaandika dawa kwa mkono wao wenyewe. Kwenye mapipa ya vyumba vyao nilikuta mkate umeng'atwa mara moja tu. Huko kwa watoto nilimkuta mmoja amelala kifudifudi kwenye sakafu niliyotoka kupiga deki, anasikiliza kifua cha mtoto aliyejificha chini ya kitanda. Kwa wagonjwa wa akili mmoja alikuwa anachagua kiti cha chini kuliko cha mgonjwa. Nikamuuliza sababu, akaniambia mtu mwenye hofu hapendi kutazamwa kutoka juu. Basi wagonjwa wakiwaona hao, swali lao ni lile lile: daktari yuko wapi? Kama wameletewa chai badala ya chakula.

Nilizoea kulisikia kwa watu baki. Kulisikia kwa shemeji yangu sikuzoea, na hasira ile ninayo hata sasa.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Anaishi peke yake Ilford, mashariki mwa London, ni mlinzi wa duka, kazi ya kusimama kutwa, na ana sukari. Jumamosi moja nilimpelekea maharagwe. Siku hizi watu wanakula ya kopo wanasema ni sawa, si sawa, lakini tuyaache. Aliponifungulia mlango nilipokewa na harufu. Niliisafisha harufu hiyo miaka mingi, ni ya nyama inayooza ikiwa bado iko mwilini mwa mwenyewe.

"Mguu una nini?" nikamuuliza.

"Ni kiatu tu, shemeji. Kiatu kipya."

"Kiatu kipya hakinuki hivyo."

"Wewe ulishastaafu. Acha kukagua vyumba vya watu."

Jumatatu asubuhi nilimkokota mpaka kliniki ya mtaani kwake. Tukaingizwa kwa nesi wa cheo hicho nilichosema. Kuinua macho, kumbe tunamfahamu, ni Mkenya mwenzetu, Jumapili asipokuwa na shifti anasali kanisani kwetu, anakaa viti vya nyuma. Akasema, "Karibuni. Baba, keti hapa, tuvue soksi."

Shemeji hakuketi. Akamjibu kwa Kiingereza, mtu aliyesalimiwa kwa Kiswahili, kwamba yeye atamngoja daktari.

"Daktari ana nafasi Alhamisi ya wiki ijayo," nesi akamwambia polepole. "Na miguu ya hapa naiona mimi. Daktari mwenyewe atakurudisha kwangu."

"Nitangoja."

Akatoka. Nikamfuata kwenye korido, nikambana penye mashine ya maji.

"Una wazimu?"

"Yule ni wa kwetu, shemeji," akaninong'oneza. "Jumapili kanisa zima litajua nimeoza. Nitafutie Mzungu."

Kwa hiyo Mzungu akikushika mguu ni tiba, sisi tukikushika ni umbea? Binti wa watu amesoma huku analea watoto, amefaulu mitihani ambayo mimi nisingeweza hata kuyasoma majina yake, halafu anakataliwa na Waingereza kwa kuwa si daktari, na sisi tunamkataa kwa kuwa ni wetu. Aende wapi?

Nesi angeweza kumwita mgonjwa mwingine, ukumbi ulikuwa umejaa. Akatoka yeye, akasimama karibu yetu, akashusha sauti.

"Baba, nikitoa neno lako nje napoteza kazi. Ukirudi nyumbani na mguu huo, unapoteza mguu. Siku kumi ni nyingi mno."

Shemeji akatazama viatu vyake. Kisha akarudi ndani.

Soksi ilikuwa imegandia kidonda. Nesi akapiga magoti, akailowesha kwa maji, akaibandua kidogo kidogo, na hakukunja uso. Kidole cha pili kilikuwa cheusi. Akachukua kijiti chenye uzi mgumu mwishoni, akamwambia afumbe macho na aseme kila anapoguswa. Akamgusa wayo, akagusa tena, akagusa tena. Shemeji kafumba macho, anangoja nesi aanze. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nesi akapiga simu hospitali. Ikapiga muziki, sisi tunangoja. Ilipopokelewa alieleza kila kitu, akasikiliza, kisha akasema, "Hapana, hakuna daktari wa kukupa. Anayepiga ni mimi, niliyempima ni mimi. Anahitaji kuonwa leo, si kesho." Akarudia mara tatu, sauti haikupanda. Shemeji alikuwa anasikia yote, mguu wake uko juu ya paja la yule binti.

Siku ile ile walimpokea. Kidole kilikatwa. Mguu ulibaki.

Ungedhani amejifunza. Alipopata nafuu alisimama kanisani na mkongojo kutoa ushuhuda, akaueleza mguu wake mwenyewe, kwa maikrofoni, mpaka usaha. Kisha akamshukuru Mungu na "madaktari bingwa wa London". Watu wakapiga makofi. Nikageuka nyuma, na nesi naye anapiga makofi.

Baada ya ibada nikamwendea. "Kwa nini hukusema?"

"Siruhusiwi kusema hata kwamba nimemtibu, mama," akanijibu, akatafuta funguo za gari.

Nikamfuata shemeji kwenye meza ya chai nikamwambia, mbele ya wazee wa kanisa, nani aliyepiga magoti na nani aliyepigania simu. Alininunia siku tatu. Alhamisi iliyofuata, siku ya kubadilisha bandeji, alinipigia mwenyewe nimsindikize. Alipoingia kwa nesi alibaki amesimama mlangoni, ameshika kofia.

"Daktari," akaanza.

"Nesi, baba."

"Nesi. Siku ile nilikukosea."

"Lete mguu," akamwambia, ameshavaa glavu. "Wako wengi nje."