Siku ya Jina la Emőke

Balla Emőke na mimi tumetumia maabara moja hapa mjini Debrecen, ghorofa ya tatu, kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu. Namjua hata akipiga chafya kwenye ngazi. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba Emőke ni mkaidi. Ukaidi wake mimi nimeishi nao.

Tangu ujana wake anafuatilia kitu kimoja: molekuli ya rangi ya njano ambayo ikipigwa na mwanga hujipinda, kisha ama hurudi ilivyokuwa, ama huvunjika. Kwa nini moja irudi na nyingine ivunjike? Jibu limo kwenye mpindo wenyewe, na mpindo huo unaisha kabla hata hujafikiria kupepesa jicho. Taasisi yetu haina chombo cha kuuona. Chombo kiko kusini, kwenye kituo cha leza, ambako hutoa mimweko mifupi mno, hata molekuli inanaswa katikati ya kujipinda kama mtoto anayekutwa na mkono ndani ya kopo la sukari. Watu wa nchi nyingi wanaugombea muda wa leza ile. Unaomba, wakubwa wanasoma, wanachagua wachache, na nyinyi wengine mnaambiwa asanteni.

Emőke alikwisha kuambiwa asante mara tatu. Alipokuwa anaandika ombi la nne, mkuu wetu, Ormos Szabolcs, alikuja akakaa juu ya meza yangu bila kukaribishwa.

"Emőke mpenzi, unajua nakuthamini," alisema. "Lakini ukikosa na safari hii, chumba nawapa vijana wanaotafiti betri. Wewe utafundisha mwaka wa kwanza. Kufundisha nako ni kazi ya heshima, au sivyo?"

"Ni ya heshima sana," Emőke akajibu. "Mbona wewe uliikimbia?"

Mkuu alicheka. Huyu bwana hucheka kila kitu, na ndiyo maana ni vigumu kumchukia ipasavyo.

Majibu yalipokuja, Emőke hakupata wala hakukosa. Aliwekwa wa kwanza kwenye akiba. Maana yake, kundi lolote likijitoa, ataitwa yeye, na akiitwa lazima afike ndani ya siku chache na sampuli yake mkononi. Kwenye ombi waliuliza kama sampuli itakuwa tayari wakati wote, naye akajibu ndiyo.

"Shoga, umeahidi nini?" nilimwuliza. "Kile kitu kinaoza upesi kuliko maziwa!"

"Basi nitakuwa nakitengeneza kila kikikaribia kuoza."

Na kweli alikitengeneza. Kazi ile huchukua karibu wiki mbili, na yote hufanyika chini ya taa nyekundu, kwa sababu taa nyeupe inaiharibu molekuli papo hapo. Akimaliza, anaweka kwenye friza, anasubiri simu. Simu haiji, rangi inaanza kufifia, anamwaga, anaanza upya. Alipika hivyo majira yote ya baridi, kama mtu anayemwandalia meza mgeni asiyesema atakuja lini. Mama yake huko Nyíregyháza alilalamika kwamba Krismasi alimwona kwa saa mbili tu. Mimi nilikuwa nafanya kazi zangu gizani pamoja naye, nagonga magoti kwenye droo na kutukana, lakini sikuwahi kuwasha taa.

Ikafika siku ya jina lake, mwezi wa Machi. Kwetu siku ya jina haina siri kama siku ya kuzaliwa. Kila jina lina tarehe yake, imeandikwa kwenye kalenda ya kila mtu, hivyo huwezi kujificha. Mwenye jina huweka vinywaji, wenzake huja na maua, na hakuna anayebisha hodi, kwa maana ukibisha unakuwa umeharibu furaha. Emőke aliwaambia watu kwenye korido, mmoja mmoja, "Mwaka huu msije, nitawaita mwenyewe jioni." Wakasema sawa. Mkuu pia alisema sawa, ila kichwani mwake alimwona mwanamke anayeona haya na anayehitaji kuchangamshwa.

Mchana ule Emőke alikuwa amemimina sampuli mpya kwenye sahani pana ya kioo ili aigawe katika vichupa. Ile ya zamani alikuwa ameimwaga asubuhi. Taa ya onyo juu ya mlango ilikuwa inawaka. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, na sauti ya Ormos ikajaa chumba: "Mbona mmekaa gizani kama popo? Hongera, Emőke!" Akawasha taa zote.

Emőke alipiga ukelele. Nyuma ya mkuu walikuwepo watu sita na pogácsa, vile vimkate vya chumvi, za moto na chupa ya pálinka, pombe kali ya matunda, na wote walidhani ni ukelele wa furaha, wakaanza kuimba. Nililazimika kumsukuma mkuu mzimamzima ili niufikie ukuta na kuzima.

"Piroska, vipi wewe? Umelewa kabla yetu?" aliniuliza.

Niliwatoa nje wote. Emőke alipima: sehemu moja katika tano ilikuwa imevunjika. Kwa macho huwezi kuona tofauti, bado ilikuwa njano nzuri. Lakini vipande vilivyovunjika navyo hujibu leza, na majibu yakishachanganyika hutajua lipi ni la mpindo na lipi ni la takataka.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Kundi moja limejitoa. Aje Jumatatu.

Mkuu alikuja mbio. Nadhani aliogopa, maana hakucheka. "Nenda na hiyo hiyo," alisema. "Nne kati ya tano ni nzima, si ndiyo? Leza haina macho. Nani atakayejua?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia vilevile. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, nikataka apate kitu, chochote. "Nenda, shoga. Hiki chumba ni chako. Nenda hata kama ni na chai ndani ya vichupa."

"Nitajua mimi," Emőke alisema.

Alipiga simu kusini mbele yetu. Kijana aliyepokea alimwuliza sababu, maana lazima aiandike, na akamweleza kwa upole kwamba aliyeahidi sampuli akaikosa hataruhusiwa kuomba katika awamu ijayo. Mimi nilikuwa namwonyesha Ormos kwa kidole, namnong'oneza Emőke: mtaje, mtaje huyu! Mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na hakusema.

"Sampuli haikuwa tayari," Emőke alisema. "Wapeni wanaofuata."

Tulipobaki wawili nilimfokea. Nilimwambia ni mjinga, kwamba hata mshtakiwa mahakamani hujitetea. Alikwenda kwenye sinki, akaanza kuosha vyombo chini ya taa nyekundu, ingawa havikuwa na haraka tena. Alinipa mgongo, maji yakitiririka.

Baada ya muda tukasikia hodi. Katika miaka yote sijawahi kumsikia Ormos akibisha hodi mlango wowote.

"Emőke? Naweza kuingia? Au kuna kitu...?"

"Ingia tu, mkuu," alisema. "Na taa washa. Hakuna kitu cha kuharibika."

Mkono wa Ormos ulisitasita ukutani, kisha akawasha. Katika mwanga mwekundu macho mekundu hayaonekani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Emőke muda wote ule nikimfokea, na sikuwa nimejua kwamba analia.