Tangi Lililosukwa Woodley

Miaka ya sabini, mtu wa kuvaa tai ofisini hakufanya jambo bila faili, na mimi nilikuwa karani mwenye tai mbili. Kwa hiyo bomba letu la mtaa wa Woodley, Nairobi, lilipoanza kukauka kwa wiki nzima nzima, na mke wangu, mjamzito wa miezi saba, akawa anabeba ndoo kutoka mbali ng'ambo ya barabara, mimi nilifungua faili. Nikaandika juu yake: Tangi la Maji ya Mvua.

Mabati yalinivutia kwa kung'aa, lakini mwenzangu wa ofisini akasema yataliwa na kutu. Mapipa ya mafuta yalipatikana kwa urahisi, ila mwingine aliapa kwamba chai itanuka dizeli mpaka mtoto aanze shule. Matofali yalitaka msingi, msingi ukataka mhandisi, na hakuna kati yetu aliyemjua mhandisi. Nikaandikia maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, nikakaa kungoja majibu. Mke wangu akaendelea kubeba ndoo. Naona haya kuliandika hilo.

Mama mkwe akaja kutoka magharibi kumsaidia bintiye kujifungua. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani, sembuse kulala nyumba moja, kwa hiyo alifikia kwa dada yake Kawangware na kuja kwetu nikishaondoka kazini. Jioni moja nikakuta uani kikapu cha fito kinachonifika kifuani. Lilikuwa kama ghala la mahindi la kijijini kabisa. Mke wangu akanieleza kwamba mama yake amelisuka liwe tangi, na atalikandika kwa simiti ndani na nje, jinsi wanawake wa kwao wanavyokandika nyumba.

Nilicheka mpaka nikalegeza tai. Nikamtuma akamwambie mama kwamba fito huoza, na kwamba tangu lini maji yakatiwa kikapuni. Sijui alifikisha nini, maana kesho yake simiti ilikuwa imefika shingoni. Nikaandika pingamizi la kurasa mbili, nikalitia kwenye faili.

Binti yetu alikuwa na siku tisa mvua ilipokuja. Ilikuwa Jumamosi, mama mkwe yuko uani, nami nimejifungia chumbani kwa adabu. Maji yakatiririka kutoka paani hadi tangini. Nilitega sikio nisikie likipasuka. Halikupasuka. Baadaye maji yakatekwa, yakapashwa moto, na mtoto akaanza kulia kwa kuogeshwa. Aibu ilinishika, na shukrani pia, nisijue pa kuipeleka.

Nikasimama dirishani, nimeupa ua mgongo, nikazungumza na tangi.

"Hii tangi imejengwa vizuri. Nasema asante."

 Kisha mama mkwe naye akazungumza na tangi, polepole, kama anayemwuliza mtu mzima.

"Wewe tangi, hiyo miezi yote msichana wangu alikuwa anabeba ndoo na tumbo, ulikuwa wapi?"