Ng'ombe Aliyeambiwa Hana Kitu

Mkalimani akiwa kazini husema "mimi" kwa niaba ya watu wengine. Mzee akisimama na kusema kwa Kimeru, "Mimi nimenyang'anywa shamba," mkalimani hasemi, "Anasema amenyang'anywa." Anasema, "Mimi nimenyang'anywa shamba," uso mkavu, hata kama hajawahi kumiliki hata bustani ya sukuma wiki. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, nikitoka nyumba yangu ya kupanga mtaa wa Majimbo, Embu, kwenda popote serikali inapotaka kusikiliza maoni ya wananchi. Nimekuwa mjane, nimekuwa mwizi wa maji, nimekuwa chifu aliyestaafu. Siku moja tu nilikuwa mama yangu, na siku hiyo haijanitoka.

Mambo yalianzia kwa ndugu yangu, kitinda mimba wetu. Alimaliza shule akaajiriwa Timau, katika shamba kubwa la ngano lenye kondoo. Daktari wa mifugo aliyekuwa akija pale na mashine ya skani kupima kondoo wenye mimba alimpa kwanza ashike waya, halafu ashike mashine yenyewe, na mwishowe akawa anamwachia kundi zima huku yeye akinywa chai na meneja. Shamba lilipopunguza wafanyakazi, ndugu yangu alirudi nyumbani, karibu na Kanyakine, na mashine kuukuu aliyogawiwa kwa hisani, miwani yake ya kutazamia picha imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kondoo hupimwa juu ya ngozi ya tumbo. Kwa ng'ombe mkono huingia kwa nyuma, hadi karibu na bega. Hilo la pili alijifundisha mwenyewe.

Watu walimpenda, wala sishangai. Daktari wa kweli alikuwa mmoja kwa vilima vyote vile, na ukimpigia simu leo atakuja wakati ng'ombe ameshasahau alikuwa akiumwa nini. Ndugu yangu alifika asubuhi hiyo hiyo, gambuti zimeoshwa, akaingiza mkono, akatazama ndani ya miwani yake na kutoa hukumu: "Huyu ako na kitu," ama, "Huyu hana kitu." Wakaanza kumwita daktari. Alikataa mara mbili tatu, kisha akazoea. Mama alizoea haraka zaidi. Kanisani alianza kukaa kiti cha mbele.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi, mpole hata watoto wa jirani walimkamua kwa mzaha. Alikuwa amepandishwa kwa sindano, halafu akaonekana kama amerudi joto la kutaka dume, nasi tukadhani mbegu haikushika. Mwaka huo mvua ilitukimbia na majani ya nepia yakawa ya kununua. Ndugu yangu alimpima. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kwa likizo, nikamwona akichomoa mkono na kuukung'uta.

"Hana kitu, mama," akasema. "Mnalisha mgeni tu hapa."

Mama aliamini. Nani atambishia daktari aliyemzaa mwenyewe?

Wakati huo ndugu yangu alikuwa akioa msichana wa upande wa Embu, na jamaa zake walikuwa wanakuja kwetu kuona boma. Mbuzi wangetosha. Lakini ndugu yangu anapenda kuonekana, na ng'ombe alikuwa pale, tupu, anakula bure. Ikaamuliwa achinjwe yeye.

Asubuhi ya sherehe bwana harusi alikuwa barabarani na suti yake mpya, akingoja wageni. Mchinjaji, mtu wa kukodiwa kutoka mbali, alimwita mama nyuma ya zizi kwa sauti ya chini. Nilimfuata mama nikiwa na beseni la kuwekea matumbo. Ndama alikuwa amelazwa juu ya majani ya mgomba, maji ya tumboni bado yanamtiririka. Mwili wake haukuwa na manyoya, isipokuwa kwenye ncha ya mkia na juu ya macho. Zile nyusi ndizo zilizonishinda. Nilitaka kumfunika asije akapata baridi, nikavua leso yangu, kisha nikabaki nimeishika kama mjinga.

Mama hakulia. Aliniambia, "Lete jembe."

Nilimwelewa bila kuelezwa. Kwetu ng'ombe mwenye mimba hachinjiwi bibi harusi. Wazee wa upande wa pili wangejua, wangeinuka na kwenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Na ndugu yangu je? Ni boma gani lingemfungulia zizi tena? Tulimzika ndama chini ya migomba. Mchinjaji alitupa mgongo akanoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali. Simjui jina mpaka leo, lakini yule alikuwa mtu.

Wageni walikula, wakasifu nyama kwa ulaini wake. Ndugu yangu alikata kipande kizuri cha mbavu, akampa bibi harusi ampelekee mama kwa mkono wake mwenyewe. Msichana alikuja ameinamisha kichwa, kipande kiko juu ya sahani ya udongo tuliyoazima. Mama alikipokea. Alikishika, akakigeuza, akakirudisha kwenye sahani na kuisukuma kando. Nilitazama pembeni. Nilikuwa na harufu ya udongo mikononi na nilitaka watu wale waende kwao.

Mama hakula nyama ya ng'ombe siku hiyo wala baadaye. Alinunuliwa ng'ombe mwingine, na mara kwa mara nikienda nyumbani nilimkuta akifagia kile kizimba kidogo cha ndama na kutandika nyasi kavu. Hakikuwa na ndama. Alifagia tu, akaweka nyasi, akafunga kijilango kwa kamba. Siku moja alisimama katikati ya kukamua akaniuliza, "Umesikia?" Sikuwa nimesikia kitu. Migomba ya pale nyuma ilizaa mikungu minene ya kutisha, na mama aliiacha iivie juu, iliwe na popo. Ndugu yangu alimtania kuwa uzee umemfanya mvivu.

Wifi yangu, yule bibi harusi, alikuwa mtu wa heshima ya baridi. Walijenga ng'ambo ya bonde. Alikuja kwa mama, akasalimia, akaweka sukari mezani, akaondoka kabla chai haijachemka. Nilidhani ni yale yale ya mkwe na mkaza mwana, ambayo hayana dawa, nikajiambia hayanihusu.

Ndipo serikali ikataka maoni juu ya kanuni mpya. Zilisema kuwa mtu asiye daktari wa mifugo asipime mimba za ng'ombe kwa mashine mpaka afundishwe, aandikishwe, na awe na daktari wa kumsimamia. Wajumbe walitoka Nairobi wakaja kusikiliza watu katika ukumbi wa kanisa karibu na kwetu, na mkalimani akawa mimi. Nilimwambia mkubwa wangu kazini kwamba ndugu yangu ni mmoja wa hao wapimaji. Akacheka. "Wewe tafsiri tu," akasema. "Kwani kuna mtu wa huko hana ndugu pale ndani?"

Ukumbi ulijaa. Ndugu yangu alichaguliwa kuwasemea wenzake, na alisema vizuri, nakiri nilijivuna.

"Sisi ndio tunafikia mkulima kwa boma," alisema. "Daktari ako mmoja, na ako mbali. Mkitufungia, huyu mama ataita nani? Na mimi, tangu nianze hii kazi, sijawahi kosea hata siku moja. Kama kuna mtu hapa nimewahi kosea ng'ombe yake, asimame."

Alijipiga kifua kidogo. Watu walipiga makofi. Na katikati ya makofi mama yangu akasimama.

Makofi yaliendelea, kwa sababu walidhani mama mtu amesimama kumsifu mwanawe. Hata yeye ndugu yangu alidhani hivyo, alikuwa anatabasamu. Mama alingoja kimya kirudi. Alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Kisha alianza kusema kwa Kimeru, polepole, akinipa nafasi kila baada ya sentensi, kama mtu aliyefanya mazoezi. Nami nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiswahili:

"Mimi ni mama yake. Nilikuwa na ng'ombe mweusi. Mwanangu alimpima akaniambia hana kitu. Tukamchinja siku ya wakwe. Alikuwa na ndama."

Ndugu yangu alikuwa amesikia mara ya kwanza kutoka kwa mama. Mara ya pili, kutoka kwangu, aliinua mkono kama wa kujikinga. Nilitaka kunyamaza. Mkalimani hanyamazi.

"Nilimzika chini ya migomba. Nilinyamaza ili mwanangu aoe, na ili apate kazi. Lakini kila nikimsikia akimwambia mtu kuwa ng'ombe wake hana kitu, mimi humwona yule ndama. Afundishwe. Sisemi afungiwe. Afundishwe."

Nilifikiri amemaliza. Aligeuka akamtazama wifi yangu, aliyeketi karibu na dirisha na mtoto mgongoni, na akasema jambo moja zaidi. Wifi, ambaye Kimeru si lugha ya kwao, hakulishika vizuri. Alinitazama mimi, akingoja.

"Ile nyama," nikasema, "yule msichana aliniletea kwa mkono wake, nami nikashindwa kuila. Sikuweza. Haikuwa kwa sababu yake."

Wifi aliinuka. Alisahau kabisa kuwa tuko mbele ya serikali.

"Kumbe ni ng'ombe?" akasema. "Miaka yote hii, mama? Mimi nilijua ni mimi umekataa."

Mjumbe mmoja, daktari wa mifugo, mwanamke mwenye sauti ya upole, ndiye aliyerudisha kikao kwenye kazi yake. Alimuuliza ndugu yangu alijifunzia wapi. "Kwa kondoo," akajibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Daktari alimweleza kwamba mimba ya ng'ombe ikishapita miezi michache, uzito wake huivuta chini ndani ya tumbo, na mkono wa asiyejua huishia pasipokuwa na kitu. Anaona kibofu, anasema ng'ombe yuko tupu. Ndugu yangu aliitikia kwa kichwa, akaketi, na hakuitetea tena kazi yake.

Kanuni zilikuja kupita, naye alikwenda kufundishwa. Siku hizi hukaa na mkono ndani mpaka wenye ng'ombe wanachoka kumngoja. Lakini ninachokumbuka zaidi ni alasiri ile ile, tulipotoka ukumbini kwenda kwa mama. Wifi hakuweka sukari na kuondoka. Aliingia jikoni na mama, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe niliwasikia wakibishana juu ya chumvi.

Mimi na ndugu yangu tulikaa nje. Alikuwa akiitazama migomba. Akaniuliza yule ndama alikuwa dume ama jike.

Nilitamani kumwambia sikuangalia. Lakini nilikuwa nimeona siku hiyo kimya kilivyotufanya.

"Mtamba," nikamwambia.

Alihesabu kwa vidole vyake vile vikubwa, akapoteza hesabu, akaanza upya. "Basi sasa angekuwa ameshazaa," akasema.

"Mara mbili," mama akajibu kutoka jikoni.